Ukumbusho si kumbukumbu

Juzi nimemsikia tena mtu, mbele ya mchoro wa Kikongo, akiwaeleza wenzake kwamba ile ni "kumbukumbu ya nchi". Nimelisikia mara nyingi mno, na linaniuma, kwa sababu wenye michoro wana neno lao.

Ukumbusho, kwa watu wa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo ya Kinshasa, ni mchoro uliotundikwa sebuleni ili anayeuona afikirie yaliyoipata nchi yake na kuyasimulia. Maana ni hiyo tu.

Sasa neno lenyewe. Kukumbuka hufanya mtu peke yake. Lakini kama amka inavyozaa amsha, na anguka ikazaa angusha, kumbuka huzaa kumbusha: k inakuwa sh, na papo hapo anaingia mtu wa pili. Kuna anayekumbusha na anayekumbushwa. Kumbukumbu haiwahitaji wote wawili. Za mkutano huwekwa kwenye faili, na faili lisipofunguliwa miaka 20 bado ni kumbukumbu. Ukumbusho usiomgusa mtu haujafanya kazi yake. Hata katika Injili ya Luka ni "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu". Mkate ule humegwa, hauwekwi kabatini.

Usipoishika tofauti hii, alama za michoro hiyo zitakupita. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mjini Lubumbashi 1947, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha takriban 100, akitumia vitambaa vya magunia ya unga. Katika mchoro wa kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, misalaba mitatu imesimama kwa mbali, maana Lumumba aliuawa pamoja na wenzake wa kisiasa, Mpolo na Okito. Damu inamtoka Lumumba ubavuni na kuandika neno moja ardhini, kwa Kifaransa: umoja.

Usiku alipouawa, 17 Januari 1961, hapakuwa na misalaba. Anayetafuta kumbukumbu atasema mchoraji amekosea. Lakini angalia ardhi inayoandikwa: ni ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo miezi sita tu kabla. Mtoto wa Katanga ameichora ardhi ya kwao ikibeba neno ambalo wakubwa wa jimbo hilo walilikataa. Sijui mapenzi ya nchi yaliyo wazi kuliko hayo.

Ndivyo ilivyo pia kwa ile picha maarufu ya enzi ya Wabelgiji: askari mweusi anamcharaza mfungwa viboko, mzungu anatazama, bendera ya Ubelgiji juu. Ilitundikwa majumbani wakati wa utawala wa kidikteta wa Mobutu. Mwenye nyumba angeweza kusema ni mambo ya zamani, na mgeni akawaza ya jana.

Basi ukisimama mbele ya mchoro kama huo, uite ukumbusho. Na mwenyeji akiwa karibu, muulize unamkumbusha nini.