Kutoa mimba Kenya: dhana zinazovuruga mjadala kabla haujaanza

Kikao kikifunguliwa kwa swali la "mnaunga mkono au mnapinga?" kimeshaharibika. Watu hugawanyika papo hapo, na kila upande hutetea jambo ambalo sheria haikulisema.

Dhana: Katiba imekataza kabisa. Au: Katiba imehalalisha.

Dhana hizi mbili ni pacha, na zote husoma nusu ya ibara. Ibara ya 26 inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha fungu lake la 4 linasema kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kama, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Anayepinga huishia kwenye "hakuruhusiwi". Anayetetea huanzia kwenye "isipokuwa". Mazoea hayo yalikolea katika kampeni za kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa walipoipinga rasimu ya Katiba kwa sababu ya ibara hii na mahakama za Kadhi.

Kinachoongeza utata ni sheria zilizo chini ya Katiba. Kanuni ya Adhabu bado ina vifungu vya 158 hadi 160: kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au vifaa akijua matumizi yake. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaieleza afya kuwa ya mwili, akili na jamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Polisi hufungua kitabu cha kwanza, mhudumu wa afya hufungua cha pili. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza madhara ya utoaji mimba usio salama mwaka 2012, ikauondoa Desemba 2013, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Kwa zaidi ya miaka mitano, basi, mhudumu aliyetaka kujua mipaka yake aliachiwa kubahatisha.

Dhana: Mwenye uamuzi ni daktari bingwa tu.

Sheria ya Afya inawataja pia wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki, ilimradi wamefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito na wana leseni halali.

Dhana: Ukitokwa na damu usiende hospitali, utakamatwa.

Hofu hii haikuzuka hewani. Wanawake na wahudumu wamewahi kukamatwa. Lakini kutibiwa si kosa, na ibara ya 43(2) inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa. Dalili za kwenda mara moja: damu inayolowesha pedi kubwa mbili kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo, kuzirai. Mabaki yakikaa ndani ya mfuko wa uzazi huleta maambukizi, na hayo yakienea kwenye damu huua.

Dhana: Kutoa mimba lazima kulete utasa.

Kinacholeta utasa ni maambukizi yasiyotibiwa na majeraha ya kizazi, na hayo hutokea hasa mikononi mwa asiyefunzwa.

Dhana: Takwimu zinazotajwa ni rekodi za hospitali.

Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake uliotolewa 2013 ulitaja mimba 464,690 zilizotolewa mwaka 2012. Hayo ni makadirio: watafiti walipata idadi ya waliotibiwa vituoni kwa matatizo, karibu 120,000, kisha wakawauliza wataalamu ni wangapi wasiofika huko. Tumewasikia wengine wakiitaja namba hiyo kuwa ya vifo. Sivyo hata kidogo.

Dhana: Dini zote zina jibu moja.

Kanisa Katoliki linapinga tangu kutungwa kwa mimba. Wanazuoni wa Kiislamu wanatofautiana kuhusu kipindi kabla ya siku 120, ilhali wengi wanakubaliana juu ya kuokoa uhai wa mama.

Anayeongoza kikao aisome ibara yote kwa sauti kwanza, kisha agawe karatasi za maswali yasiyo na majina; mikono ikiinuliwa, mwenye swali zito hunyamaza. Asimwombe yeyote asimulie yaliyomkuta. Halafu aweke visa kwa mpangilio: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, kifafa cha mimba, msichana wa miaka 13 aliyebakwa, mama wa watoto sita asiye na kipato. Kwa kila kisa aulize mambo mawili kando kando: je, ni sawa? Na je, mwanamke huyu afungwe miaka 7? Wengi wanaojibu "hapana" kwa la kwanza husita kwa la pili. Aandike ubaoni kisa ambacho watu walianza kutofautiana, na mjadala uanzie hapo.