Ukuta ambao kitunguu kinao na damu haina

Kata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, kiache dakika kumi. Utakuta maji yametuama chini ya bakuli na kitunguu kimelegea. Maji hayo yalikuwa ndani ya seli.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, na kazi yangu ya kila siku ni kusoma damu kwenye hadubini. Hata hivyo, wanafunzi wakija kwa mafunzo ya vitendo huwa naanza nao kwenye kitunguu. Wengi wamekariri lile jedwali la sekondari: seli ya mmea ina ukuta, kloroplasti na vakuoli kubwa, ya mnyama haina. Jedwali halina kosa, ila halisemi kwa nini, na hiyo sababu ndiyo tunayoitegemea kila siku pale mezani.

Chukua kitunguu chekundu, bandua ile ngozi nyembamba ya zambarau, itandaze kwenye slaidi juu ya tone la maji na uifunike. Seli zimejipanga kama matofali, kila moja imejaa zambarau hadi kwenye kingo. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, kifuko cha maji yenye sukari na chumvichumvi, ambacho katika seli iliyokomaa kinaweza kuchukua hadi asilimia 90 ya nafasi yote. Kiini kinachotunza maelekezo ya seli, pamoja na sitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, vimesukumwa pembeni. Sasa dondosha maji ya chumvi upande mmoja wa kifuniko, na upande wa pili yavute kwa karatasi ya kufyonza. Usiondoe jicho. Zambarau inaanza kujitenga na ukuta, kwanza kwenye pembe, kisha inajikunyata hadi inabaki tonge dogo katikati ya chumba kitupu. Ukuta wenyewe haujasogea. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwamba alichodhani ni kitu kimoja ni viwili: ukuta mgumu wa selulosi, na ndani yake utando laini unaochagua nini kipite na nini kisipite.

Ukirudisha maji yasiyo na chumvi mapema, zambarau inajaa tena. Mama anayenyunyizia mafungu ya mchicha sokoni anafanya jambo hilohilo: maji yanaingia, vakuoli inavimba, ukuta unaizuia, jani linasimama. Msukumo ndani ya seli ya jani mara nyingi hushinda ule wa tairi la gari dogo, na bado seli haipasuki.

Nisisahau mambo mawili yanayowachanganya wengi. Seli za kitunguu hiki hazina kloroplasti, kwa sababu kloroplasti hukaa panapofika mwanga wa kutengenezea sukari. Pili, mmea una mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyochoma sukari, kama sisi. Sukari iliyotengenezwa mchana lazima ichomwe usiku na mchana ili itoe nguvu, hata kwenye mizizi iliyo gizani.

Tuje kwenye damu. Naweka mirija miwili ya kioo: mmoja una maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita, mwingine una maji yaliyokenekwa. Kila mmoja naupa tone la damu, halafu nashika gazeti nyuma yake. Kwenye maji ya chumvi wekundu ni wa ukungu, huoni hata herufi moja. Kwenye maji matupu, muda si mrefu wekundu unang'aa kama juisi ya rosela na maandishi yanasomeka. Seli nyekundu zimenyonya maji, hazina ukuta wa kuyazuia, zimepasuka na kumwaga himoglobini, ile rangi yake nyekundu. Ndiyo maana dripu ya chumvi ina kipimo kilekile cha 0.9, na maji matupu hayaingizwi kwenye mshipa kamwe.

Mtu atauliza mbona basi mnyama asiwe na ukuta. Asingeweza kusogea. Seli nyeupe hujivuta, hubadili umbo ili kupenya kuta za mishipa, kisha hukizunguka kijidudu na kukimeza. Ukiwa ndani ya sanduku la selulosi huwezi kumeza chochote. Badala ya ukuta, mwili wetu hulinda kiasi cha chumvi kwenye damu, na figo hazipumziki kwa ajili hiyo.

Udhaifu huo wa seli nyekundu tunautumia kupima malaria. Tone jembamba, lililotandazwa kwenye slaidi, tunaligandisha kwa methanoli, aina ya spiriti, ili seli zibaki nzima. Tone zito hatuligandishi: maji yaliyomo kwenye rangi ya Giemsa huzipasua seli nyekundu, na vimelea hubaki wazi. Niliwahi kuletewa slaidi ya mtoto ambayo tone zito lilipitishwa kwenye methanoli. Seli zote zilikuwa bado zipo, tabaka juu ya tabaka, na sikuweza kusoma kitu. Iliniuma, maana mtoto ilibidi achomwe kidole tena. Tone la pili tuliliacha likauke vizuri, tukalitia rangi bila methanoli. Safari hii seli nyekundu zilikuwa zimetoweka, na kati ya viini vya zambarau vya seli nyeupe vimelea vilikuwepo, kila kimoja na nukta yake nyekundu na kipande cha bluu.