Okestra ya chemba si okestra iliyopungukiwa watu

Jana jioni baada ya mazoezi ya kwaya hapa Kisumu tulikuwa tunaangalia konsati kwa simu, nusu ya kwanza kazi ya Haydn, mtunzi wa Austria wa miaka ya 1700, nusu ya pili kazi ya mtunzi ambaye bado yuko hai, na mwenzetu mmoja akasema ati hiyo ni okestra ya chemba juu hawakupata watu wa kutosha. Hii ni mara ya tatu mwezi huu nasikia hivyo, wacha niandike.

Okestra ya chemba ni kundi dogo la wapigaji, mara nyingi kati ya 15 na 40, wengi wao wa nyuzi. Ile kubwa, ya simfoni, inaweza kufika 80 ama 100. Maana ni hiyo tu.

Shida iko kwa neno lenyewe. Wengi wetu chemba tunayoijua ni ya maji taka nyuma ya ploti, ama ile ya jaji kotini, na ya jaji ndiyo iko karibu na ukweli, juu ni chumba cha ndani. Kilatini walisema camera, Wafaransa wakafanya chambre, Waingereza wakachukua hapo, na kamera ya simu yako ni neno hilo hilo, juu kamera ilianza kama chumba chenye giza na katundu kamoja. (Chumba chetu hakijatoka huko, hicho ni mtoto wa nyumba, ndugu yake jumba.) Miaka ya 1600 Waitaliano walikuwa na sonata (kazi ya ala bila kuimba) ya kanisani na sonata da camera, ya chumbani. Yaani neno lilitaja mahali, halikuhesabu watu. Mzee akipiga nyatiti sebuleni unasikia mpaka ile pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mbao, na hakuna mtu husema mzee amekosa wenzake.

Hata Haydn, alipoanza kazi kwa familia tajiri ya Esterházy mwaka wa 1761, hakuwa na wapigaji 30, na simfoni, zile kazi ndefu za okestra, aliandika. Na hizi okestra si za muziki wa kale pekee: kondakta Paul Sacher alianzisha yake Basel, Uswisi, mwaka wa 1926, akawa anaweka kazi za kale na mpya kwa konsati moja, na mtunzi Bartók akawaandikia kazi ya nyuzi, ngoma na selesta (kinanda kidogo chenye sauti kama ya kengele) iliyopigwa mara ya kwanza Januari 1937, nyuzi zimegawanywa makundi mawili, moja kila upande.

Kwa hivyo ndugu yangu wa jana, wale hawakukosa watu. Hao uliowaona ndio wote wanaohitajika.