Molekuli ikitua juu ya dhahabu: dhana potofu na ukweli

Skrini za OLED kwenye simu hutoa mwanga kwa molekuli za kaboni zilizobanwa kati ya elektrodi mbili. Sifa zote hupewa molekuli. Mimi naona kazi nzito iko pale zinapogusana na metali, na ndipo watu wengi wanapokosea.

Dhana: Ukijua nishati ya kung'oa elektroni kwenye metali na ngazi za nishati za molekuli, kutoa namba moja kwenye nyingine kunatosha kupata kizuizi cha umeme kati yao.

Ukweli: Hesabu hiyo mara nyingi haitimii. Elektroni za metali haziishii kwenye safu ya mwisho ya atomu, bali humwagika nje kidogo. Molekuli ikitua, elektroni zake huzirudisha zile ndani, kama godoro linavyobonyea ukilikalia. Dhahabu safi hudai zaidi ya elektroni-volti 5 (kipimo cha nishati ndogo sana) kuachia elektroni moja. Ikishafunikwa na pentasini, molekuli ya pete tano za kaboni zilizoungana, kiasi hicho hushuka kwa nusu elektroni-volti au zaidi. Ukipanga kifaa kwa kutumia namba ya dhahabu tupu, umekosea tangu mwanzo.

Dhana: Basi lazima elektroni zimehamia kwenye molekuli.

Ukweli: Hapana. Hata zenoni, gesi isiyopenda kuungana na chochote, hushusha nishati hiyo. Elektroni za metali kusukumwa ndani, peke yake kunatosha.

Dhana: Metali ni metali, tofauti ni bei.

Ukweli: Tazama PTCDA, molekuli inayotumika pia kama rangi nyekundu ya viwandani. Kwenye uso bapa wa dhahabu hukaa juu kwa nanomita 0.33, ikishikwa na mvuto hafifu tu. Kwenye fedha hushuka hadi 0.29, na ngazi yake iliyokuwa tupu huanza kujazwa elektroni za metali. Kwenye shaba hufika 0.27. Molekuli ni ileile, lakini ukiipima juu ya fedha hukuti tabia yake ya umeme ya awali.

Dhana: Darubini ya kutambaza, ile inayopitisha ncha kali sana juu ya uso, ikiiona molekuli juu ya metali, inaonyesha sura yake halisi.

Ukweli: Inaonyesha molekuli iliyochanganyika na metali. Mwaka 2005 watafiti wa IBM karibu na Zurich walitandika kwanza utando wa chumvi, ileile ya mezani, juu ya shaba, kisha wakaweka pentasini. Hapo ndipo obitali zake, yaani maumbo ya maeneo zinamokaa elektroni, zilipoonekana karibu kama za molekuli iliyo huru.