Kabla Hujanunua Dawa ya Panya, Inua Vilishio vya Kuku

Mvua za Machi zikianza kujaza mitaro ya Ruai na Utawala hapa Nairobi, mashimo ya panya nayo hujaa maji, na wenyewe huhamia palipo kavu. Mara nyingi pakavu pa karibu ni banda la kuku. Wiki hizo swali ninaloulizwa zaidi si la kideri wala la chanjo ya ndui. Ni hili: "Daktari, dawa gani ya panya ndiyo kali kabisa?" Muulizaji huwa ana mbwa wa kulinda ploti, paka anayeshinda ukutani, na pengine watoto wanaocheza uani. Jibu langu huwaudhi wengi kwa sababu sianzi na dawa. Naanza na vilishio.

Kuku haoni vizuri gizani. Jua likitua anapanda fito zake, analala, na hagusi chakula mpaka kupambazuke. Chakula kinachoachwa kwenye vilishio usiku kucha hakimfai kwa lolote, ni cha panya. Kuku wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Panya mkubwa hula gramu 20 au zaidi. Ukiwa na panya 20 tu, na banda lenye mashimo matatu ya panya linaweza kuwa nao, unapoteza kilo 12 kwa mwezi au kupita, bila kuhesabu kile wanachokikojolea na ambacho kuku atakula asubuhi. Humo ndimo salmonela, bakteria wa kuharisha, anamopitia.

Hapo pia ndipo sumu inaposhindwa, na hili wauzaji hawalisemi. Panya huogopa kitu kipya. Chambo kigeni kikitokea njiani atakizunguka siku kadhaa, kisha aonje kidogo. Kama pembeni kuna chakula cha kuku alichokizoea, kinachonukia mahindi na dagaa, kwa nini ahangaike na donge la nta lenye sumu? Nimeona sumu ikikaa wiki nzima haijaguswa huku vilishio vikilambwa safi kila usiku. Mwenye banda akadhani dawa ni feki, akanunua kali zaidi. Aliyeipata mwishoni alikuwa mbwa wake.

Hata ukifanikiwa kuua wachache, hujafika mbali. Panya jike hubeba mimba wiki tatu hivi, huzaa watoto sita hadi kumi na wawili, na wale watoto huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi miwili au mitatu. Chakula kikibaki palepale, nafasi za waliokufa zinajazwa.

Kwa hiyo jioni, mayai yakishaokotwa, toa vilishio vyote nje ya banda na uvifungie. Toa na maji pia, maana panya mkubwa wa kahawia hawezi kukaa muda mrefu bila kunywa. Kuku wazima hawadhuriki, wamelala. Fagia kilichomwagika. Vilishio vya mchana vininginize usawa wa mgongo wa kuku ili wasichakure na kutapanya. Gunia la chakula lisikae sakafuni hata siku moja: pipa la chuma lenye mfuniko unaobana ndilo ghala lako. La plastiki hutafunwa, hasa ukingoni.

Vifaranga ni habari nyingine. Wao wana taa usiku, wanakula usiku, na huwezi kuwanyima. Hapo kinga ni chumba chenyewe, na ukiwa na pesa za kuziba sehemu moja tu ya banda, ziba ya vifaranga.

Kabla ya kugharamika, hakikisha ni panya kweli. Wengi Karen na Lang'ata humlaumu panya kwa kazi ya nguchiro au kanu. Panya huburuta kifaranga hadi shimoni na hutafuna miguu ya kuku waliolala. Kuku mzima aliyekatwa kichwa ameuawa na mnyama mwingine. Vilevile, kile kichuguu cha udongo laini kisicho na mlango, katikati ya viazi, ni cha fuko. Fuko anakula mizizi yako, hana haja na kuku, na kumwekea sumu ni kuitega kwa mbwa anayependa kufukua. Shimo la panya wa kahawia lina mdomo wazi, upana wa sentimita sita hadi tisa, kandokando ya ukuta au chini ya sakafu, na kinyesi chake hufika sentimita mbili. Panya wa darini ana kinyesi kidogo chenye ncha, na utamkuta juu, kwenye maungio ya mabati. Kile cha panya mdogo wa nyumbani ni kama punje ya mchele. Ukitaka kujua ni mashimo gani yanatumika, yazibe yote jioni kwa gazeti lililofinyangwa. Asubuhi angalia lipi limesukumwa nje.

Sasa waya. Waya wa kuku wa matundu ya pembe sita unazuia kuku asitoke. Panya haumhusu: mdogo anapita, mkubwa anautafuna. Nenda dukani uombe wavu wa chuma uliochomelewa, fundi atauita weldimeshi, wenye matundu ya nusu inchi. Kama tatizo lako ni panya wadogo, tafuta wa robo inchi, kwa sababu panya mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita sita hivi. Kuna watakaokuuzia wavu wa kuanikia kahawa. Pima tundu lake na ujaribu ugumu wa nyuzi zake kwanza, si wote unafaa. Fundi aupigilie kwa ndani na nje ya mbao pale penye pengo, hasa chini ya mabati ambako mawimbi ya bati huacha vijidirisha ambavyo hakuna anayeviona. Chini ya mlango weka ukanda wa bati.

Chini ya ardhi, usihangaike kuchimba mtaro wa kina kirefu. Kunja wavu uwe na umbo la herufi L, upande mmoja ukae ukutani, mwingine ulale nje kwa sentimita 30 na kufunikwa udongo. Panya huanza kuchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Akigonga waya anahamia kando, anagonga tena. Kurudi nyuma hatua moja aanzie huko ni jambo asilolifanya mara nyingi. Sakafu ya saruji ni bora zaidi, lakini si kila aliyepanga ploti Kasarani ataruhusiwa kumwaga zege, na wavu unaweza kuung'oa ukihama.

Zunguka banda lako pia. Mbao zilizorundikwa, matairi, mabati ya zamani na majani marefu vyote ni nyumba za kupangisha. Panya hapendi kuvuka uwanja mtupu, kwa hiyo acha ukanda wa mita moja ulio wazi pande zote.

Baada ya siku chache za njaa ndipo mitego inafanya kazi. Naupenda mtego wa kawaida wa kubana, wa mbao au plastiki, kwa sababu unaua papo hapo na haumdhuru yeyote atakayemla panya yule baadaye. Uweke ndani ya sanduku lenye tundu la panya tu, au ndani ya kipande cha bomba la inchi nne, ili mguu wa kuku au pua ya paka isifike. Uwe kando ya ukuta, upande wa chambo ukiutazama ukuta, maana panya hutembea akigusa ukuta kwa masharubu. Chambo? Omena. Siagi ya karanga nayo inafaa, ila omena mmoja aliyefungwa kwa uzi haibiwi kirahisi. Siku za kwanza weka chambo bila kutega. Wakishazoea kula, tega yote usiku mmoja. Ukitega mmoja leo na mwingine kesho, unawafundisha.

Paka husaidia kwa panya wadogo na wale wachanga. Panya wa kahawia aliyekomaa paka wengi humkwepa, na paka huyohuyo anaweza kuwageukia vifaranga. Vyombo vya kutoa mlio wa kufukuza panya, sijaona banda vilipofanya kazi zaidi ya siku chache. Gundi siipendi kabisa: inanasa ndege, vinyonga, paka wachanga, na panya anakufa polepole kwa mateso. Ule mchanganyiko wa saruji na unga unaosambazwa kwenye simu hauaminiki, na kuku wataudonoa kabla ya panya.

Tunafika kwenye sumu. Zile pakiti za mchuuzi mwenye kipaza sauti, "dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni," pita nazo mbali. Bidhaa halali Kenya husajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za aina hii, na lebo yake hubeba namba ya usajili. Pakiti isiyo na lebo ikimezwa na mbwa, sisi madaktari tunabaki kubahatisha.

Dawa nyingi zilizosajiliwa huzuia damu kuganda kwa kuvuruga kazi ya vitamini K. Panya hafi siku hiyo. Huchukua siku tatu hadi saba, na katika siku hizo hutangatanga mchana akiwa mlegevu, mawindo rahisi kwa paka, mbwa na bundi. Bundi, ambaye wengi wetu tungali tunamrushia mawe tukidhani anatabiri msiba, hula panya kila usiku bila malipo. Kuku naye hula panya mdogo akimpata. Brodifakumu, mojawapo ya zilizo kali zaidi, hukaa kwenye ini kwa miezi, na mabaki ya dawa za jamii hii hupatikana hata kwenye mayai. Mayai hayo unaiuzia familia ya jirani.

Ikiwa baada ya usafi, wavu na mitego bado wamezidi, tumia sumu nje ya banda tu, ndani ya visanduku vinavyofungwa kwa ufunguo na kupigiliwa chini, madonge yakiwa yamechomekwa kwenye chuma chake ili panya asiyabebe. Nafaka ya kumwaga, kamwe. Chagua ya kizazi cha kwanza, yaani zile za zamani zisizo kali kama brodifakumu, mfano warfarini. Kila alfajiri, kabla ya kufungulia kuku na mbwa, okota mizoga kwa glavu na uizike kina ambacho mbwa hatafukua. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu. Kiloweshe kwanza kwa maji yenye Jik. Mkojo wa panya hueneza leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria ambao kuna chanjo yake ya mbwa, lakini wewe unayefagia kwa kandambili hujachanjwa.

Mbwa akila dawa ya kuzuia damu kuganda, ataonekana mzima siku mbili tatu. Usidanganyike. Mlete siku hiyohiyo, pamoja na pakiti. Akishaanza kuwa na ufizi mweupe, kukohoa au kutoa damu kinyesini, bado vitamini K1 inaweza kumwokoa, lakini ataimeza kwa wiki kadhaa na bili itakuwa kubwa. Akitetemeka, kudondosha mate au kutapika ndani ya saa chache, hiyo ni sumu ya aina nyingine. Poda ya kijivu iliyokoza huenda ni zinki fosfidi. Hiyo haina kiuasumu, na asidi ya tumbo huigeuza kuwa gesi ya sumu. Usimpe chakula, wala maziwa, ushauri ambao kila jirani atakupa, kwa kuwa chakula huongeza asidi. Matapishi yake nayo hutoa gesi hiyo, basi fungua madirisha yote ya gari, na unipigie mimi au kliniki iliyo karibu ukiwa njiani ili tumpokee nje.