Maji ya kupozea prosesa hayaombi "muda"

Juzi tena. Kijana wa studio hapa Mwanga, Kigoma, kanirudishia bloku niliyomtengenezea, kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa ya kompyuta na kupitisha maji ya kuipoza. "Kaka, mpira wa maji nimeubana kidogo, maji yaende polepole yapate muda wa kubeba joto. Shika huu wa kutokea uone ulivyo moto!" Prosesa ilikuwa inasoma nyuzi 91.

Ni mtu wa tatu mwezi huu. Hivi joto la mwezi wa tisa likikuzidi, feni unaipunguza ili upepo upate muda wa kukupoza?

Tupige hesabu. Prosesa ya wati 100 itatoa wati 100, ubane usibane. Ikipita lita 1 kwa dakika, maji yanapanda kama nyuzi 1.4 tu. Ikipita desilita 1, yanapanda 14. Joto lililobebwa ni lile lile, ila limerundikwa kwenye maji machache. Mpira unakuunguza mkono, nawe unachekelea.

Na kikwazo chenyewe hakionekani, ndiyo maana ubishi hauishi. Maji yanayogusa shaba karibu yanasimama, yanakuwa kama utando. Joto lazima lipenye hapo, na maji yaliyotulia ni wavivu: shaba hupitisha joto zaidi ya mara 600 kuyashinda. Maji yakienda mbio utando unakonda, yakilegea unanenepa. Mbio nazo zina kikomo. Baada ya hapo unanunua kelele za pampu.

Kwa hiyo kazi yote ni kuupa utando huo eneo kubwa. Nachukua kipande cha shaba nyekundu cha milimita 10 kutoka kwa wauza vyuma chakavu, nakichana mifereji kwa msumeno wa chuma, na maji nayaingiza katikati, juu kabisa ya prosesa. Chini nasugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka rula ikisimamishwa haipitishi mwanga. Kisha pampu inazunguka usiku kucha mezani, maungio yamezungushiwa karatasi ya chooni. Tone moja tu, karatasi inasema.

Rejeta ya aluminiamu ya pikipiki usiiunge na shaba kwenye maji yale yale, italiwa. Barafu ndiyo usinitajie kabisa: kwa unyevu wa huku ziwani bloku itatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho linadondokea mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta.

Kitako, yaani shaba inayobaki kati ya mifereji na prosesa, nimekiacha milimita 3. Kikiwa chembamba sana joto halitawanyiki pembeni, kikiwa kinene linasafiri mbali kabla ya kukutana na maji. Kwa nini 3 na si 2? Jicho tu.

Kijana alitoa kibanio, nyuzi zikashuka hadi 66. Bloku yake ya kwanza, isiyo na mifereji, ilikuwa ikimpa 74, na nilijisifu kwamba mifereji ndiyo iliyofanya kazi. Lakini hii ya pili niliisugua vizuri zaidi pia. Nikipata kipande kingine cha shaba nitachonga mbili sawasawa, moja bila mifereji.