Gede, Takwa na bahari iliyo kati yake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtajie mtu wa bara pwani ya Kenya, naye atakutajia hoteli, mchanga mweupe na biriani. Magofu ameyaachia wanafunzi wa safari za masomo, na begi kubwa la mgongoni amewaachia wazungu. Mimi na mke wangu tulibeba mabegi yetu kwa matatu na basi kutoka Mombasa, tukapitia Gede, penye magofu ya mji wa kale, na Watamu hadi Lamu, na kila tuliposhuka tulikuta mtu wa kutueleza mambo. Mengine hayakuwa na mguu wa kusimamia. Mengine yalikuwa na nusu ya ukweli, na hayo ndiyo magumu kuyanyoosha.

“Hiyo ni safari ya wazungu, tena ya pesa nyingi.”

Matatu za Mombasa kwenda Malindi hupita Gede kutwa nzima. Ukishuka kwenye njia panda ya Watamu, magofu ni mwendo mfupi wa miguu, na tuktuk zipo. Mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, ila uwe na kitambulisho. Wapo pia wanaodai kwamba mume na mke hawapewi chumba bila cheti cha ndoa. Sisi hatukuulizwa cheti popote. Tuliulizwa vitambulisho tu. Ukifika Lamu, jambo la kuangalia zaidi ni mavazi na kushikanashikana hadharani, na hilo halihitaji karatasi, linahitaji adabu.

“Magofu yale yalijengwa na Waarabu.”

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na haikuzuka mitaani. James Kirkman, aliyefukua Gede kuanzia 1948, aliipa ripoti yake ya 1954 jina linaloiita Gede mji wa Waarabu. Wakati ule wasomi wengi waliamini kwamba jengo la mawe Afrika lazima liwe na mwenyewe kutoka ng'ambo. Lakini simama mbele ya ukuta utazame. Jiwe ni tumbawe lililochimbwa papo hapo pwani. Chokaa ni tumbawe lililochomwa. Dari ziliegemea boriti, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti zilizopatikana. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba kama ushoroba. Juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu kumechongwa mkuki. Vigae vingi vilivyofukuliwa ni vya vyungu vya kienyeji. Vya Kichina vimo pia, lakini ni vya mezani; wali ulipikwa kwenye chungu cha hapahapa.

Huko Shanga, mji mwingine wa kale kisiwani Pate, jirani ya Lamu, wachimbaji walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, ya zamani zaidi ikifikia karne ya 8, katikati ya kijiji kilichokua polepole hadi kuwa mji. Kwa hiyo hakuna meli iliyoshusha mji mzima ufukweni.

Je, wageni hawakuwa na mkono wowote? Walikuwa nao, na hapa wanaojibu “ni sisi peke yetu” nao wanateleza. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wa waliozikwa humo, upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika, na upande wa baba ulikuwa na asili kubwa ya Uajemi, kwa kuchanganyika kulikoanza yapata mwaka 1000. Babu zetu waliokuwa wakisema “sisi ni Washirazi”, yaani uzao wa Shirazi ya Uajemi, walichekwa sana na wasomi. Kumbe walikuwa na la kusema, ingawa walipenda kuwataja baba na kuwasahau mama.

Jambo moja waongozaji wengine hulipita haraka: nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Watu wengi wa Gede waliishi katika nyumba za miti na udongo, na udongo hauachi gofu. Nafasi zile tupu unazokatiza kati ya ukuta wa ndani na wa nje wa mji huenda zilijaa watu kuliko jumba la kifalme.

“Mji ulitoweka ghafla, ni mambo ya majini.”

Gede ilianza karne ya 12 hivi, ikanawiri karne ya 15, ikaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi lenye tarehe linasoma mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: uvamizi wa Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, mwishoni mwa karne ya 16, msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini, biashara kuvurugwa na Wareno, na maji ya visima kuzidi kwenda chini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomaliza mji kwa usiku mmoja. Kinachoshangaza kweli ni kwamba Wareno walikaa Malindi, kilomita 16 hivi tu kutoka hapo, na hawakuandika habari zake. Ajabu hiyo inanitosha. Jini wa nini tena?

Ukitaka kuona “kutoweka” kulivyo hasa, nenda Takwa, kisiwani Manda. Mji huo nao uliachwa karne ya 17, na inasimuliwa kwamba watu wake walivuka mlango wa bahari wakahamia Shela, kisiwani Lamu. Hadi zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kuomba mvua kwenye kaburi lenye mnara. Mji umekufa, wenyewe wapo, na wanajua njia.

“Walijenga ndani ya msitu.”

Hapana. Mji ulikuwa wazi. Msitu uliingia watu walipotoka. Mibuyu na mikuyu unayoiona imepanda juu ya kuta imeota baadaye, na mizizi yake mahali pengine inashikilia ukuta, pengine inaupasua. Usikate wala kuvuta chochote, hata kwa ajili ya picha. Tangu Julai 2024 Gede imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Wanyama wa kuogopwa? Msitu jirani wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 400 na ushei, una ndovu, kwa hiyo huko ingia na askari wa msitu au mwongozaji. Ndani ya magofu msumbufu mkubwa ni kima. Anashuka ukutani taratibu kama hana habari nawe, kisha ndizi yako imekwenda. Anayestahili kutafutwa ni sange, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye matako ya rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makubwa duniani ni huo msitu wa Arabuko-Sokoke. Kaa kimya asubuhi, usikilize majani makavu.

“Bahari ipo tu, mtaogelea mkitaka.”

Watamu bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi jioni, na tofauti ya kina huweza kuzidi mita 3. Ukitoka chumbani saa nne na taulo begani, utakuta mchanga, miamba na madimbwi. Kila siku ratiba husogea kwa takriban dakika 50. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na kuogelea ni rahisi zaidi. Wavuvi watakuambia yote haya bure ukiwasalimia vizuri.

Halafu kuna upepo. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji hutulia na huwa maangavu; huo ndio wakati wa kuona matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968. Kusi huleta mawimbi, maji ya vumbi na mwani mwingi ufukweni. Watu wakiuona mwani husema ufuo haufagiliwi. Mwani huo huzuia mchanga usichukuliwe.

Takwa ndiko maji yanakobana zaidi. Mashua kutoka Lamu hupita mkondo mwembamba kati ya mikoko, na maji yakipwa haupitiki. Nahodha akisema tuondoke saa fulani, usimwombe nusu saa ya kunywa chai.

“Kombe moja halidhuru.”

Kuokota makombe au matumbawe ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, yawe hai au yamekufa. Gede ina nyumba iliyopewa jina la kauri, yaani makombe madogo ya kung'aa, zilizofukuliwa ndani yake, na watu hudhani kwamba hiyo ni ruhusa ya kuendeleza desturi ya kuokota. Kombe tupu lina mpangaji wake: kaa mdogo mwenye tumbo laini asiyejijengea gamba, ambaye akikua hulazimika kuhamia kombe kubwa zaidi. Asipolipata huliwa.